Pointi Sita za Solvej

Mbele ya ukumbi wa michezo wa Brøndhave kuna benchi refu la mbao, na anayedhani mji ule unaendeshwa na halmashauri hajawahi kulikalia. Wenye benchi hukutana saa tatu asubuhi, kila mtu na kikombe chake kutoka nyumbani, kahawa inapikwa kwa zamu. Ijumaa ile zamu ilikuwa ya Gudrun, kwa hiyo kahawa ilikuwa nyeusi tii na chungu kama dawa ya minyoo. Mvua ilikuwa imepiga alfajiri na benchi limelowa chepechepe, wakafanya wanavyofanya siku zote: wakachukua gazeti la Profesa, ukurasa wa mbele wakauweka kando wausome, kurasa za ndani wakazitandika wakazikalia. Kwenye ukurasa wa mbele alikuwepo Solvej Damkjær, binti wa papo hapo Brøndhave, kaweka raketi begani kama mtu anayekwenda shamba. Kichwa cha habari kilisema anastaafu mpira wa vinyoya. Chini yake, kwa maandishi madogo, gazeti liliuliza kama sababu ni zile pointi sita, kisha likasema: endelea ukurasa wa kumi na nne.

Ejgil Thorsager alifika saa nne na nusu, anachechemea, fomu mfukoni. Benchini wanamwita Ufunguo. Ana miaka sabini na moja, nyonga moja ya chuma, na funguo za ukumbi ambazo hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia azirudishe. Jumanne za kufundisha watoto mpira wa vinyoya zilikuwa zake kwa miaka thelathini na minane, saa kumi na moja jioni, na ni Jumanne mojawapo ambapo Solvej aliingia mlango ule akiwa na miaka minane, soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani. Mwezi wa tatu mwaka huu daktari alimwambia Ejgil kuruka sasa basi, na akaiandikia halmashauri barua kabisa, maana alimfahamu mgonjwa wake. Kwenye mkutano mkuu wa chama mwenyekiti aliuliza nani atazichukua Jumanne. Watu arobaini na mmoja wakatazama viatu vyao. Ndivyo inavyokuwa kule: anayeinua macho wa kwanza ndiye aliyejitolea, na siku ile hakuna aliyeinua, mpaka mwenyekiti mwenyewe akaona aibu akaenda kwenye ajenda ya paa linalovuja.

Fomu ya halmashauri, ya kuomba saa za ukumbi, ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja, wa jina la mwalimu. Ikifika saa sita mchana mstari ule mtupu, saa ya Jumanne wanapewa watu wa mpira wa ndani wa Vesterlev, mji wa jirani, ambao hata sakafu hawafagii. Ejgil alikuwa amekuja benchini kutafuta jina moja, basi.

— Jamani, nina jambo, alisema.

— Kaa kwanza, Ufunguo, alisema Profesa. Tuko kwenye pointi sita.

Ejgil alikaa. Angefanyaje? Pointi sita Brøndhave ni kama msiba wa ukoo, hauna mwisho. Miaka minne nyuma, robo fainali, nchini kwao, mji wa Odense, ukumbi umejaa pomoni, seti ya mwisho, Solvej anaongoza ishirini kwa kumi na nne. Anataka pointi moja tu. Ng'ambo ya wavu yuko binti wa Kijapani, mwembamba kama ufito, kaloa jasho mpaka viatuni. Solvej akaachia pointi sita mfululizo, na mbili nyingine juu yake, ishirini na mbili kwa ishirini, kwaheri. Wiki ile alikuwa wa kumi na nne duniani. Hakupanda tena.

Profesa ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Jina lake Preben Skaarup, na kabla ya kustaafu alifundisha watu kuendesha gari kwa miaka thelathini, kazi iliyomfanya aamini kwamba kila kosa duniani ni la gia. Kwa maelezo yake Solvej alipofika ishirini alipunguza mwendo ilhali bado yuko mlimani. Alitakiwa akanyage mafuta.

— Kinyoya akakirusha juu, juu, juu, alisema, mkono wake ukionyesha. Mjapani anasubiri. Wahenga walisema nini? Aliye juu mngoje chini.

— Hiyo haihusiani na vinyoya, alisema Ejgil.

— Kwa nini isihusiane? Kinyoya kilikuwa juu, bwana. Yeye alikuwa chini.

Gudrun alikuwa akimimina. Aligawa barua mji mzima kwa baiskeli miaka ishirini na minane, na lolote likitokea, hata mimba, yeye huuliza upepo ulikuwa unatoka wapi. Ndiyo maana anaitwa Hali ya Hewa. Akasema Profesa aache kuwachosha watu na gia zake. Ukumbi wa Odense una mlango upande wa mashariki, na siku ile muuza soseji aliuacha wazi ili apitishe masanduku yake. Yeye alikuwepo, kiti cha nyuma kabisa, na shingo ilimkaza wiki nzima. Kinyoya ni kitu cha kupeperuka. Kila Solvej akipiga ndani, upepo unakitoa nje.

— Na cha Mjapani mbona hakikutoka nje? aliuliza Profesa.

— Yeye alikuwa anaupa upepo mgongo.

— Kwa dakika zote zile?

— Mwanamke mwerevu huujua upepo, Preben. Wewe ungekuwa unaujua usingekojoa uelekeo ule kule ziwani.

Walicheka. Ejgil alitazama saa. Tano kasoro dakika tano. Akatoa fomu, akaikunjua juu ya goti ili wote waione, na macho ya wote watatu yakaruka juu yake kama mbuzi wanavyoruka mtaro. Waliijua ile fomu. Walikuwepo kwenye mkutano mkuu, safu ya pili, wanatazama viatu.

— Sasa, kuhusu Jumanne, alisema.

— Tatizo ni bata, alisema Bukini.

Holger, huyu. Alifuga mabata bukini tangu ujana mpaka magoti yalipogoma, na jina la ndege wake likamganda yeye. Huwa haongei sana, na akiongea watu hujuta. Alianza na jambo la kweli kabisa, maana hivyo ndivyo uongo wake unavyoanza: kwamba kinyoya kizuri kina manyoya kumi na sita ya bukini, yote ya bawa moja, ama la kushoto ama la kulia, huwezi kuchanganya. Ukichanganya hakizunguki sawa. Hata Ejgil alitikisa kichwa kukubali. Basi, akasema Bukini, ile seti ya mwisho ilichezwa kwa vinyoya vilivyochanganywa. Kaviona kwenye televisheni, vinayumba kama mlevi.

Profesa hakukubali kupitwa. Akasema hapana, vilifukizwa mno. Kila mtu Brøndhave anajua kwamba kabla ya mchezo unafukiza vinyoya kwa mvuke wa birika ili manyoya yasikatike, lakini kuna kiasi chake, na Odense birika liliachwa linachemka tangu asubuhi. Gudrun akauliza birika la nani. Profesa akasema la watu wa televisheni. Walitaka mchezo uchelewe kuisha ili watu wasibadilishe stesheni, wakalitia birika kazini. Na si Odense tu. Ndivyo ilivyokuwa Jakarta, ndivyo ilivyokuwa Kuala Lumpur, ndiyo sababu ya fedha kule Ulaya ya vijana alipokuwa na miaka kumi na saba badala ya dhahabu.

— Kule Jakarta alishinda, alisema Ejgil.

— Licha ya birika.

Ejgil alivuta pumzi. Safari za Solvej alizijua kuliko mtu yeyote pale benchini, alikuwa nazo nyumbani kwenye kopo la biskuti, postikadi tisini na saba. Tangu alipoondoka akiwa na miaka kumi na minne kwenda shule ya wachezaji, kila mji aliochezea aliandika kadi moja, mistari miwili. *Jakarta. Joto la ukumbi nyuzi thelathini na moja, kinyoya kinakimbia kama kichaa.* *Guangzhou. Nimefungwa na mtoto wa miaka kumi na saba, nimekula bata, samahani kwa Holger.* Kadi hizo zote zilipita mikononi mwa Gudrun, na Gudrun hakuwahi kuona kadi akaacha kuisoma. Ile iliyosema *Kano ya kisigino imekatika, usimwambie mama, nitamwambia mwenyewe nikirudi*, aliifikisha kwa Ejgil saa tano, na saa sita mama yake Solvej alikuwa analia dukani. Miezi kumi na moja hakucheza. Akarudi, akapanda tena kutoka wa tisini mpaka wa kumi na nne, na hapo hapo ndipo ikaja Odense.

Habari ya kustaafu haikuwa mpya kwa Ejgil. Solvej alimpigia Jumatano, wakaongea dakika nne, tatu kati ya hizo kuhusu nyonga. Pointi sita hakuzitaja, na Ejgil hakuuliza, maana Ejgil naye ana nadharia yake, na ndiyo mbaya kuliko zote pale benchini, kwa sababu mkosaji wake ni yeye.

Ukiingia ukumbini, ukutani kushoto kuna maandishi aliyoyaandika kwa rangi ya bluu mwaka aliochukua Jumanne: HAKUNA ANAYERUDI NYUMBANI NA SIFURI. Ilikuwa sheria. Ukimzidi mwenzako, ukikaribia kumaliza, unampelekea kinyoya kwenye mkono wake mzuri mpaka naye apate chochote cha kusimulia mezani. Solvej aliiweza sheria ile kuliko wote. Akiwa na miaka kumi alikuwa anaweza kumpa mtoto pointi sita bila mtoto kujua kwamba amepewa. Na usiku ule wa Odense Ejgil alikaa mbele ya televisheni, akaona kinyoya kinakwenda kwenye mkono mzuri wa Mjapani mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akazima kabla ya mwisho. Miaka minne hakumwambia mtu. Mtu anafundisha watoto adabu miaka thelathini, kumbe anaharibu mchezaji. Lilimuuma, na benchi lile lilimuuma zaidi, kwa sababu kila asubuhi lilikuwa linalitonesha bila kujua.

— Saa tano na nusu, alisema kwa sauti. Jamani, saa sita ofisi inafungwa.

— Ngoja, Ufunguo, ngoja, alisema Bukini. Sijamaliza.

— Ngoja ngoja huumiza matumbo, alisema Ejgil.

— Ndiyo hiyo hiyo kahawa ya Gudrun, alisema Profesa.

Bukini alikuwa amefika mahali ambapo hata Gudrun aliacha kumimina. Akasema amekaa akafikiri miaka minne. Solvej akiwa na miaka tisa alipita uani kwake, akamrushia jiwe bata dume wake, Kanali. Wote walimkumbuka Kanali? Walimkumbuka, alimng'ata padri. Sasa bukini anaishi miaka zaidi ya ishirini na hasahau uso. Kanali aliuzwa. Manyoya yake yakaenda kiwandani. Hesabuni miaka.

— Holger, alisema Gudrun taratibu. Unasema ni bata.

— Nasema ni bawa lake la kushoto.

— Kinyoya kilikuwa na kinyongo.

— Wewe ulimjua Kanali. Niambie kama haiwezekani.

Hakuna aliyesema haiwezekani, na hilo ndilo lililomchosha Ejgil kupita yote. Watu wazima watatu, miaka mia mbili na ushee ukiwajumlisha, wako tayari kumchunguza bata aliyekufa kuliko kutazama kipande cha karatasi. Alihisi hasira inampanda mpaka masikioni. Alikuwa anafungua mdomo kuwapa yao alipoona mwanamke amesimama mbele ya benchi, kamshika mkono binti wa miaka kama minane.

Alikuwa Viorica, Mromania wa kwenye mabanda ya nyanya, kahamia mjini mwezi wa sita. Alikuwa anaongea polepole, kila neno analiweka chini kwanza ndipo anachukua jingine. Akasalimia, akauliza kama hapa ndipo watoto wanapofundishwa mpira wa vinyoya. Profesa akamwambia amefika penyewe, hapa ndipo alipotoka Solvej Damkjær, na akitaka kujua kwa nini Solvej alishindwa Odense akae tu, atasogezewa nafasi.

— Lakini amesema mwenyewe, alisema Viorica.

— Amesema wapi?

— Gazetini. Ukurasa wa kumi na nne. Nasoma darasa la jioni, la lugha. Mwalimu anasema habari ukiianza, uimalize.

Profesa aliinuka taratibu. Ukurasa wa kumi na nne uliinuka naye, umemganda. Alipoubandua wino ulikuwa umehamia kwenye suruali na kilichobaki kilikuwa uji. Gudrun alijiinua kidogo akatazama chini yake, akakuta matangazo ya vifo. Ikabidi Viorica afungue mkoba. Gazeti lake lilikuwa kavu, limekunjwa vizuri, maneno magumu kayapigia mstari kwa penseli. Akasoma kwa kidole.

— "Waliniuliza tena kuhusu pointi sita. Sijui watu wanataka niseme nini. Yule Mjapani alicheza vizuri. Kila nilipopeleka kinyoya alikuwa ameshafika."

Wakasubiri.

— Endelea, alisema Bukini.

— Hapo anaacha. Anaongea mengine.

— Hakutaja vinyoya?

— Hapana.

— Wala mlango? aliuliza Gudrun.

Viorica akatazama tena, kwa heshima, akasema hakuna mlango. Profesa akasema huo ni uvivu wa mwandishi. Ejgil alikuwa anatazama mikono yake. Yule Mjapani alicheza vizuri. Miaka minne anabeba mzigo ule, kumbe hata haukuwa wake. Mtoto wa watu alikimbia tu, akafika, akapiga. Macho yalimlowa na akasingizia kahawa.

Viorica alikuwa bado anasoma. Mwandishi alikuwa amemuuliza Solvej, katika miaka yote, nchi zote zile, saa gani aliipenda kuliko zote. "Jumanne, saa kumi na moja, nyumbani," Viorica akasoma. "Ukumbi unanuka kahawa na viatu. Nisingecheza hata siku moja kama si Jumanne."

Benchi lilinuna. Medali mbili za shaba za Ulaya, alisema Profesa, kafika Asia mara ngapi sijui, anakuja kutaja Jumanne. Gudrun akasema ni kukosa shukrani kwa waliokwenda mpaka Odense shingo zikawakaza.

— Kwa hiyo nimekuja, alisema Viorica. Ilinca anataka kuanza. Jumanne, saa kumi na moja. Mwalimu ni nani?

Hilo lilikuwa swali dogo kabisa. Profesa, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu apate leseni, akatazama viatu vyake. Gudrun akatazama vyake. Bukini akatazama vyake. Ilinca, ambaye hakujua desturi za pale, alitazama viatu vya kila mmoja kwa zamu, aone ni nini wanachokitazama. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Kahawa ilikuwa bado ipo, na hakuna aliyeimimina.

Ejgil aliikunjua fomu gotini, akatoa kalamu.

— Preben, alisema. Unavaa kiatu namba ngapi?

— Arobaini na nne, alijibu Profesa, maana akili yake yote ilikuwa viatuni.

Ejgil akaandika. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, jina na jina la baba.

— Unaandika nini hapo?

— Kwenye sanduku la viatu vilivyosahaulika kuna jozi ya arobaini na nne. Soli nyeupe, haziachi alama. Njoo mapema kidogo uvijaribu.

Gudrun aliinua macho kwanza, kisha Bukini, wamepona, nyuso zimewanawiri. Gudrun akasema hongera, mwalimu, na yeye atakuwa anakuja na kahawa. Ejgil akasema vizuri, akaandika jina lake pia, msaidizi, na akamuuliza Holger kama atajitolea mwenyewe kufukiza vinyoya au aandikwe. Holger akasema aandikwe.

Profesa alikuwa amesogea mpaka ubavuni kwa Ejgil. Alishusha sauti ili yule binti asisikie.

— Ejgil. Mimi sijawahi kushika raketi maishani mwangu.

— Najua.

— Miaka ishirini naongea tu.

— Najua, Preben. Ndiyo maana unaanza na wa miaka minane.

Profesa alimtazama Ilinca. Ilinca alikuwa anatazama ile suruali yenye wino.

— Wakinifunga je?

— Watakufunga, alisema Ejgil, anainuka na fomu yake. Lakini hutarudi nyumbani na sifuri. Sheria iko ukutani.